Usiwashe Tochi

Hema tulilinunua mjini Mercedes, la bei ya kutupa,
rangi ya chungwa, pungufu kigingi kimoja.
Baba alilizunguka mara mbili kama anayenunua fahali,
akalibonyeza kwa kidole, akasema,
"Hiki ni kifuko cha kutagia mayai."
Kisha akakata tawi la mgunga
akachonga kigingi kilichopungua.

Miaka arobaini alilala humu, kwenye vinamasi vya Iberá,
juu ya visiwa vya majani vinavyoelea,
leo viko hapa, kesho upepo umevihamisha na wewe umo.
Ngozi ya ng'ombe chini, mtumbwi juu kifudifudi,
na mbu, anasema, walikuwa wakubwa zaidi.
Siku hizi pana lango, pana mlinzi kijana mwenye risiti:
watu watatu, usiku mmoja.
Baba aliisoma ile risiti mpaka chini,
akaikunja ndani ya kofia.

Binti yangu Itatí ana miaka tisa
na daftari la ndege lenye sheria moja:
umwone kwa macho yako.
Kusikia hakuhesabiwi.
Babu yake, ambaye macho yamemwia ukungu,
akabaki nje ya sheria
akiwataja mmoja mmoja gizani:
chaha, alitajaye jina lake mwenyewe kwa kelele;
mbigua, akikausha mabawa;
na karau, yule aliaye
kama mtu aliyechelewa maziko ya mama yake.
Itatí hakuandika hata mmoja.
Tukapokezana mate, maji ya moto, mrija mmoja,
moto ukafifia, tukaingia.

Hema la watu wawili kwa watu watatu:
kiwiko cha baba mbavuni mwangu,
miguu ya Itatí usoni pangu,
harufu ya nailoni mpya na soksi.

Saa nane hivi, nyasi zikaanza kukatika.
Kwachu. Kwachu.
Karibu. Karibu zaidi.
Si mmoja.
Itatí akapapasa chini ya mto,
nikasikia kidole kikitafuta swichi,
na mkono wa baba ukamshika kabla yake.

"Usiwashe."

"Ni nini?"

"Kapibara."
Panya mwenye uzito wa beberu,
mwenye uso wa karani aliyechoshwa na foleni.
"Nataka kumwona, babu."

"Ukimmulika, anasimama.
Hakimbii. Anautazama mwanga tu.
Hapo ndipo nilipokuwa nikitupa mkuki."

Hakuna aliyepumua kwa nguvu.
Nje, meno yaliendelea na kazi yao.

"Ulipiga wangapi?"

Nilitaka kumnyamazisha. Nikachelewa.

"Sikuwa na daftari," akasema baba.

Ndipo mmoja wao, kwa kuwashwa mgongo,
akajikuna kwenye hema letu.
Kamba ikalia. Kitambaa kikaingia ndani,
kikachukua umbo la bega,
kisha la ubavu, likipanda, likishuka.
Nikamwona baba, au nikahisi nimemwona,
akinyoosha kiganja chake chenye kovu la ndoana
na kukiweka pale, juu ya nailoni,
si kwa kusukuma.
Kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa.
Muda gani, sijui.
Mnyama akaridhika, akaenda kula.

Asubuhi vigingi vya dukani vyote vimeng'oka,
cha mgunga kimekaa,
na mlangoni pana mavi, punje za kijani,
nyingi kuliko heshima.
Itatí alikaa na kalamu mdomoni muda mrefu.
Baadaye, alipokwenda kunawa, nikachungulia:
*Kapibara, 1. Hakuonekana.
Shahidi: babu, kwa mkono.*

Hema likakataa kurudi mfukoni mwake.
Tulilikunja, tukalikunjua, tukagombana.
Mwisho baba akalikalia,
akavuta kofia machoni,
akatuambia twende tu tukachemshe maji,
yeye ataliatamia.